Pete au Gundi

Ting. Kijiko cha chai kwenye ukingo wa bilauri, kisha kidole chake kinapanda hewani, na sote chumbani tunajikuta tumeacha kutafuna. Ile sauti ilikuwa inakwenda ikipungua, ikipungua, mpaka unafika mahali hujui kama bado unaisikia au unaikumbuka tu. Yeye alikuwa anajua. Kidole kilishuka palepale ilipokata, ndipo akaruhusu chai imiminwe. Mpaka leo nikiwa naosha vyombo na bilauri ikagusa bomba, mkono wangu unasimama wenyewe.

Bilauri yenye ufa aliitambua kabla ya kuuona ufa. "Hii inakula," anasema, anaisukuma pembeni. "Nimezigonga zote kwa nguvu moja. Wenzake wanaimba, yenyewe inakula. Kuna mahali humu ndani nguvu yangu inaishia."

Alikuwa anafanya hivyo kila mahali. Sokoni aligonga sufuria moja baada ya nyingine huku ameinamisha sikio, mpaka mama muuzaji akachoka.

"Baba, unanunua au unapiga ngoma?"

"Nanunua, mama. Ila kwanza nisikie."

"Basi usikie ukiwa umeshika hela, ili na mimi nisikie."

Akacheka, na akanunua ileile aliyoigonga kwanza. Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake nyingine: alijua jibu mapema, lakini hakuliamini mpaka amezunguka meza nzima.

Jina lake silitaji, maana hata sisi hatukulitumia. Tulimwita Mwalimu. Alifundisha fizikia kwenye shule moja ya sekondari pale Dodoma. Mimi sikuwa mwanafunzi wake, na hilo namshukuru Mungu, kwa sababu matokeo yangu ya kidato cha nne hata msipoyaona mnayajua. Nilimfahamu kupitia kazi. Baada ya shule nilibahatika kuajiriwa kwenye kituo cha uhamilishaji, pale ambapo mbegu za madume ya ng'ombe wa maziwa huhifadhiwa kwenye baridi kali, ili mfugaji akija kusema ng'ombe wake yuko tayari, mtaalamu wetu aende akampandishe bila dume kuwapo. Mbegu hizo hukaa kwenye vijimrija vyembamba, vijimrija hukaa kwenye vikombe virefu, na vikombe huning'inia ndani ya mtungi wenye naitrojeni ya maji. Kazi yangu ilikuwa mitungi. Nilipokea naitrojeni ikiletwa, nikamimina, nikahakikisha hakuna mtungi unaokauka.

Baada ya mitungi yote kujaa, chini ya pipa kubwa lililokuja na gari hubaki kidogo kisichotosha kitu. Kituo kizima kilijua hayo ni mabaki ya Mwalimu. Alikuja na baiskeli, chupa ya chai imefungwa nyuma ndani ya gunia la pamba, kifuniko kimelegezwa ili mvuke upate pa kutokea. Alikuja kwa kuchelewa daima. Mtu aliyeweza kukueleza kitu kinachotokea ndani ya sehemu ya sekunde ambayo mimi hata siwezi kuiandika, hakuwahi kufika mahali kwa wakati. Na vifungo vya shati vilikosana na matundu yake, upande mmoja mrefu kuliko mwingine. Dereva wetu alimwita Profesa.

"Profesa, leo nani anakula?"

"Sijajua bado."

"Miaka yote hiyo hujajua?"

"Wewe una mke miaka mingapi? Umeshamjua?"

Dereva akaenda kukagua matairi, maana siku hizo mkewe alikuwa amerudi kwao. Bwana Mifugo, mkuu wetu wa kituo, Mgogo mmoja mpole aliyeanza kazi hiyo akiwa kijana na akazeekea humo, alicheka mpaka akavua miwani.

Sasa nieleze Mwalimu alikuwa anatafuta nini. Nitaeleza kwa maneno aliyonielezea mimi. Kama kuna msomi atakayesoma hapa akaona nimekosea, basi ajue kosa ni langu.

Alikuwa na kidonge cheusi. Si cha kumeza: ni kitu kama kipande cha chungu kilichochomwa, ukubwa wa kisoda, kina tundu katikati kama pete, na upande mmoja kimekwanguliwa mpaka pamebaki kiungo chembamba kuliko uzi. Ukikishika mkononi ni kitu cha kutupa. Ukikizamisha kwenye naitrojeni, kinabadilika. Umeme ukiingia kwenye pete unazunguka humo bila kuchoka, hauhitaji kusukumwa. Pale penye kiungo chembamba ndipo penye maajabu, kwa sababu pale umeme haupiti kama maji kwenye bomba. Unapita kwa sheria za vitu vidogo kabisa, sheria ambazo Mwalimu mwenyewe alisema anazitumia lakini hajazizoea. Wenye maabara kubwa duniani wanatengenezea vitu hivyo vyombo vya kupimia hata msukumo wa umeme ndani ya ubongo wa mtu.

Yeye alikuwa anataka jambo moja tu. Pete ile nayo inagongwa, kama bilauri. Inagongwa kwa umeme kutoka kwenye koili ya waya, inatetemeka, na mtetemo unakufa taratibu. Ukidumu, maana yake nishati inavuja kidogo. Ukifa upesi, kuna mahali inaliwa. Alipokuwa masomoni ng'ambo aliipima pete ile, na mtetemo ukafa upesi kuliko hesabu zilivyosema. Mkuu wake wa masomo akatazama karatasi, akamwambia kwa upole kabisa kwamba kazi yake ni chafu. Kwamba pengine alikwangua vibaya, pengine aliishika kwa vidole vyenye jasho, na pete yenyewe ndiyo inayokula.

Yeye akasema hapana, ni gundi. Pete ilikuwa imebandikwa kwenye kibao kwa gundi, na yeye aliamini nishati inaingia kwenye gundi na kuishia humo, pete haina kosa. Alitaka kurudia pete ikiwa imening'inizwa kwa uzi wa hariri, haijagusa kitu. Siku ya ndege yake ya kurudi nyumbani ikawa imefika. Wakampa pete yake aende nayo kama ukumbusho.

Basi. Mtu amerudi Dodoma na pete mfukoni, na neno moja kichwani. Chafu. Nadhani kama angeambiwa hana akili asingejali. Lakini chafu, mtu aliyekuwa anafuta chaki ubaoni mpaka kwenye pembe, neno hilo lilimkaa. Alitaka ajue, yeye peke yake, kama alikuwa fundi mchafu au la. Hakutaka hata kumwandikia yule mkuu. "Nikijua mimi, inatosha," alisema.

Pale kituoni tuligawanyika kama watani wa mpira. Dereva alikuwa pete. Mwanamke aliyetupikia chai alikuwa pete pia, kwa sababu, alisema, wanaume wakikosa husingizia gundi. Bwana Mifugo alikuwa gundi kwa urafiki tu. Mimi nilikuwa gundi kwa moyo wote. Mimi ni mtu wa kuamini mambo mazuri, ndivyo nilivyoumbwa. Nilikuwa nimeshanunua gauni la mtumba, la njano, nalitunza kwa ajili ya siku Mwalimu atakapokuja kutuambia jibu.

"Wewe binti," aliniambia siku moja, "kura yako ni nzuri. Ila ungekuwa na sababu ingekuwa nzuri zaidi."

"Sababu yangu ni wewe, Mwalimu."

"Hiyo si sababu, huo ni uchumba."

Dereva alinitania kwa hilo mwezi mzima.

Ukimwona shuleni usingedhani ni mtu huyohuyo. Mwanafunzi akiandika tano bila kusema tano ya kitu gani, alisimamisha darasa. "Tano nini? Tano mbuzi? Baba yako akikutuma ulete tano utaleta nini?" Watoto walimwogopa na kumwiga. Kulikuwa na fundi redio wa Chang'ombe ya hapahapa Dodoma, jirani yangu, aliyeazima kwake bisibisi ndogo akairudisha imepinda ncha. Mwalimu akaacha kumsalimia. Mtaa mmoja, miaka na miaka, anapita kama fundi ni nguzo ya umeme. Nilimwuliza kama bisibisi ina thamani hiyo. Akasema, "Angesema imepinda ningempa na nyingine. Aliirudisha akaniambia iko sawa."

Halafu mtu huyo huyo aliwahi kukaa na mwanafunzi aliyefeli mara mbili, chini ya ngazi za maabara, wanakula karanga, na akamwambia kwamba yeye pia ana mtihani aliofeli na bado anausubiri urudiwe. Yule kijana alinisimulia mwenyewe. Alisema alidhani Mwalimu anamtania ili amchangamshe.

Mashine yake ya kupimia pete ilikuwa kwenye stoo nyuma ya maabara ya shule. Alikuwa ameiunganisha mwenyewe kutoka kwenye redio mbovu, na kioo cha zamani cha kuonyeshea mawimbi, ambamo mstari wa kijani ulikimbia kutoka kushoto kwenda kulia bila kufika popote. Mashine ilikuwa ya zile taa za kioo za kizamani, zinazotaka kupata moto ndipo zitulie. Ukiizima, ukaiwasha tena, inayumba siku nzima na zaidi kabla ya kusema ukweli. Kwa hiyo hakuizima. Usiku na mchana, likizo na mitihani, iliwaka. Wanafunzi waliiita mke mdogo wa Mwalimu. Umeme wa mgawo ulipokatika alikimbilia stoo na betri ya gari begani, na mara nyingi alikuta imeshapoa. Hapo tena aanze kuisubiri itulie.

Kazi yake ilihitaji mambo matatu yakutane. Naitrojeni ya kutosha kufunika pete mpaka mwisho. Umeme usiokatika. Na hewa kavu, kwa sababu kidonge kile adui yake mkubwa ni unyevu: maji yakikigusa kinaanza kuoza, taratibu, kama jino. Hewa kavu ndiyo peke yake aliyopewa bure. Kiangazi cha Dodoma, upepo ule wa Julai unaopasua midomo, yeye aliupenda. Watumishi waliohamishiwa kwetu kutoka Dar walikuwa wanalia na ngozi zao, yeye anasimama uwanjani anauvuta puani. "Hii hewa," alisema, "wenzangu kule wanaitengeneza kwa mashine ya mamilioni."

Kidonge alikitunza ndani ya chupa ya kioo yenye punje za kunyonya unyevu. Zikiwa kavu zina rangi ya bluu. Zikishiba maji zinageuka waridi, naye alizimwaga kwenye kikaango cha chapati, akazikaanga kwenye jiko la mkaa mpaka zikarudi bluu. Dada yake aliyekuwa anaishi naye alishawahi kunilalamikia kwamba kaka yake anapika shanga.

Mara moja tu alituonyesha kidonge kikifanya mchezo. Alikitumbukiza kwenye kisahani cha naitrojeni pale kituoni, akasubiri kitulie, akaweka juu yake kipande kidogo cha sumaku. Sumaku haikutua. Ilibaki hewani, chini yake unapitisha karatasi. Ukiisukuma kwa unyasi inazunguka, inazunguka. Dereva alipitisha karatasi mara nyingi, anatafuta uzi. Bwana Mifugo alitoa kofia. Mimi nililia, sijui kwa nini. Mwalimu akaona aibu kidogo, kama mtu aliyeombwa kucheza ngoma msibani. "Hii ni ya watoto," alisema. "Kuinua sumaku kila kidonge kinainua. Mimi nataka kujua kinakula kiasi gani."

Alijaribu kupima mara kadhaa miaka ile, na kila mara kimoja kati ya vile vitatu kilimtoroka. Kisha ikaja kiangazi ambacho mambo yalikaa sawa. Gari lilileta naitrojeni kwa wingi, umeme ulitulia, na Bwana Mifugo akamwahidi mtungi mzima mdogo, si mabaki. Wiki ileile Mwalimu akaugua. Tumbo lilianza kama mchezo, likaishia kwa kupasuliwa, na ndugu zake wakamchukua wakampeleka hospitali ya mbali, akakaa huko mpaka mvua zikaanza, na mvua zikakaribia kwisha.

Alipokuwa anaondoka, amelala nyuma ya pikapu, alimwita Bwana Mifugo akampa ile chupa. Nilikuwepo. Alisema kwa shida, "Zikigeuka waridi ujue unyevu umeingia."

Hakusema ufanye nini. Nadhani alikuwa anasema, maumivu yakamkatiza. Gari likaondoka.

Mwaka ule masika yalikuwa makubwa. Hata mkate uliota ukungu kabatini, jambo ambalo kwetu ni la kusimulia. Asubuhi moja Bwana Mifugo akaja na chupa mkononi, punje zote ndani zimegeuka waridi. Alikuwa hajalala kwa mawazo. Na sasa elewa: yeye alikuwa mtu wa kituo tangu ujana. Katika maisha yake yote, kitu cha thamani kilihifadhiwa kwa njia moja. Mbegu ya dume lililokwisha kufa zamani, kutoka nchi ambazo hajawahi kuziona, aliitoa mtunguni ikiwa hai na ikazaa. Alikuwa hajawahi kuona mtungi ukiharibu kitu. Akakitoa kidonge kwenye chupa, akakifunga kwa kitambaa safi, akakitia kwenye kikombe pamoja na vijimrija vya dume lake alipendalo, akakiteremsha ndani ya mtungi.

"Hapo," akasema. "Hapo hata akirudi baada ya miaka kumi."

Sote tulimpongeza. Hakuna aliyeona kitu kibaya. Kidonge si ndiko kinakopenda, kwenye baridi?

Na kila mfugaji alipokuja, kile kikombe kilipandishwa juu mdomoni mwa mtungi, mrija ukatolewa, kikombe kikateremshwa. Wakati wa mvua hewa ile yenye maji inagusa kitu cha baridi inaganda palepale, nyeupe, kama unga. Na vikombe tulikuwa tunavitoa kabisa tukiosha mitungi: vijimrija tunavihamishia mtungi mwingine, vikombe na kidonge vinakaa mezani barafu inayeyuka, tunavirudisha. Kidonge kikapanda na kushuka, kikaganda na kulowa, masika yote. Ng'ombe walizaa vizuri mwaka ule.

Mwalimu alirudi amekonda, suruali imefungwa kwa kamba. Kabla ya kwenda kwake alipitia kituoni. Bwana Mifugo alimpokea kwa furaha, kwa salamu ya kwao Wagogo, "Mbukwa, Mwalimu wangu, mbukwa," akamkalisha, akaenda mwenyewe kwenye mtungi. Akatoa kile kitambaa kwa koleo, kinafuka baridi, akakiweka mbele yake mezani kama mtu anayeleta mtoto mchanga.

"Nimekutunzia," akasema. "Punje zilipogeuka tu, nikakiweka salama."

Mwalimu alifungua kitambaa. Kidonge kilikuwa kimepata weupe usoni, weupe wa chumvi, na pale kwenye kiungo chembamba palikuwa pamekatika. Kilibaki pete iliyoachana. Nilikuwa nimesimama upande wake, nikaona vidole vyake. Vilikaa juu ya meza, kila upande wa kitambaa, havikukigusa.

Mtu aliyemnyima fundi redio salamu kwa sababu ya bisibisi. Nilisubiri dari ianguke.

"Ahsante, Bwana Mifugo," akasema. "Ahsante sana kwa kunitunzia."

"Kiko sawa?"

"Umefanya anachofanya ndugu."

Akakikunja tena, akakitia mfukoni, akanywa chai yake, akauliza habari za ng'ombe. Hakugonga bilauri siku ile. Nilimsindikiza mpaka kwenye baiskeli, nikamwuliza kwa sauti ya chini kama kimeharibika.

"Usimwambie," alisema. "Yule mzee ana kitu kimoja tu duniani anachojua hakijawahi kumwangusha. Tusimnyang'anye."

Bwana Mifugo alikufa bila kujua. Alikuwa akiwasimulia wageni jinsi alivyookoa jiwe la Profesa.

Msidhani Mwalimu alikata tamaa siku ile. Ingekuwa afadhali. Alisema vitu vile vinaweza kuchomwa upya vikapona, kwa moto mkali na hewa ya kutosha. Akaenda kwa wachoma matofali njia ya Hombolo, akawaomba wamwekee kidonge ndani ya tanuri lao, kwenye kikombe cha udongo. Wale vijana walimwuliza anachoma dawa gani. Akawaambia ya ubishi. Tanuri lilipofunguliwa kidonge kilitoka kijani. Kijani kibichi, kama jani la mzabibu. Nilifurahi, nikadhani kimepona, kimependeza. Akaniambia kijani ndiyo rangi ya kidonge kilichokwisha. Huko alikosoma aliomba wamtumie kingine, lakini aliokuwa anawafahamu walikuwa wameshahama.

Halafu naitrojeni yenyewe ikakoma. Ile miaka mnaikumbuka, kila kitu cha serikali kilikuwa kinauzwa au kinafungwa, na kila mlango wa duka ulikuwa umefunguka una sabuni za nje. Mtambo uliokuwa ukitutengenezea naitrojeni uliharibika, ukawa unasubiri mnunuzi badala ya fundi. Mitungi yetu ikaanza kupungua. Mtungi hata ukiufunga vizuri, hata usipoguswa, unapungua. Joto linaingia kidogo kidogo, usiloliona. Nilimwuliza Mwalimu kama hakuna mtungi usiovuja. Akasema hajaona. Akasema wote waliowahi kupima kitu chochote duniani wamekuta kinavuja, tofauti ni kiasi tu, na kwamba yeye alitaka kujua kiasi. Sisi tukapunguzwa kazi. Mbegu za yale madume zikafa zote, kimyakimya, bila hata harufu. Mimi nikapata kazi kwenye hoteli moja inayopokea watu wakati wa Bunge, natandika vitanda, nashukuru.

Lakini mashine iliendelea kuwaka. Hili ndilo sikulielewa. Hana kidonge, hana naitrojeni, amestaafu, amehamia Ihumwa kwenye chumba karibu na reli, kifua kimeanza kumsumbua hawezi tena baiskeli. Na mashine inawaka stoo. Siku zangu za mapumziko nilipita shuleni kuitazama, kisha nikaenda kumpa habari. Swali lake lilikuwa moja.

"Inawaka?"

"Inawaka, Mwalimu."

"Mstari umenyooka?"

"Umenyooka."

Anaitikia kwa kichwa, basi, tunaongea mengine. Mimi nilifurahi kwenda. Kila safari nilimpelekea habari njema. Kwamba kuna mradi unakuja. Kwamba nimesikia mtambo umepata mnunuzi. Nyingine zilikuwa kweli kwa wiki moja hivi.

Mara ya mwisho ilikuwa Julai, ule upepo wake. Nilimkuta nje amekaa kwenye kiti, juani, koti la baridi limefungwa mpaka juu, vifungo safari hii vimekaa sawa kwa sababu dada yake ndiye aliyemfunga.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti. Kaa. Usikae hapo, pana moshi. Kaa hapa."

Nikakaa, nikasubiri aulize kama inawaka. Hakuuliza. Treni ya mizigo ikapita, tukaacha ipite.

"Mkuu mpya wa shule alikuja," akasema. "Kijana mzuri. Nilimfundisha. Anataka stoo, wataweka meza za kompyuta."

"Lakini Mwalimu, nimesikia kuna watu wa mifugo wanaleta mitungi mipya, safari hii ni..."

"Binti."

"Nakwambia nilichosikia."

"Umeanza tena." Hakusema kwa ukali. Alikuwa anavuta pumzi kama mtu anayepandisha ndoo. "Naitrojeni ikija leo, nitatumbukiza nini? Kile kijani? Nilidhani nitakufa najua. Sasa naona nitakufa sijui, na ukiangalia, treni inapita vilevile."

Nikasema, "Mimi mpaka leo ni gundi."

"Najua."

"Hukuwa mchafu, Mwalimu."

"Kura si kipimo," akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu, kidogo tu. "Nilitaka kupima. Wewe unanipenda, hiyo ni habari nyingine, nayo nimeipokea." Kisha akafunga macho kwa ajili ya jua. "Kaizime."

"Nikaizime?"

"Mkuu akituma vijana wataing'oa ukutani kama kisiki. Wewe unajua swichi iko wapi."

"Na ukitaka kuiwasha tena?"

"Sitataka."

Dada yake akatuletea uji. Tukaunywa, tukaongea bei ya karanga, na alipochoka nikaaga. Sikumwona tena. Alizikwa wiki ambayo hoteli ilikuwa imejaa, sikupata ruhusa.

Siku ile aliyonituma, nilipotoka Ihumwa nilipitia shuleni. Ilikuwa likizo, mchana, mlinzi akanipa ufunguo na kurudi kivulini kwake. Stoo ilikuwa na joto lake lilelile, la kitu kinachoishi. Mstari wa kijani unakimbia, umenyooka kabisa. Nilipangusa vumbi juu ya bati la mashine kwa ncha ya khanga. Nikabonyeza swichi. Mstari ukajikusanya katikati ukawa nukta, nukta ikaondoka. Nikavuta kiti, nikaweka kiganja juu ya bati, na nikakaa hapo mpaka likapoa.